Onlaini TV ni nini hasa?

Ukiwa Mwanza ukasikia "watu wa onlaini wamefika", usitegemee kuona gari lenye dishi juu. Ni kijana mmoja, simu, stendi ya miguu mitatu na maiki yenye kiboksi cha nembo, basi. Hiyo ndo onlaini TV, na jina lenyewe linadanganya kidogo maana hapo hakuna king'amuzi wala masafa, ni chaneli ya YouTube na ukurasa wa Instagram, yaani blogu iliyobadilisha nguo.

Blogu zenyewe si ngeni. Ndesanjo Macha alikuwa anaandika Jikomboe kwa Kiswahili tangu 2004, mwaka uliofuata Issa Michuzi akaanza na mapicha yake, ila enzi hizo wengi wetu huku ukitaka kusoma unaenda intaneti kafe, unalipia kwa dakika, ukurasa unafunguka nusu muda umeisha. Mkongo wa baharini wa SEACOM, ule waya wa kuleta intaneti, ukatua Dar 2009, baadaye simu janja za bei poa zikaja zikamalizia kazi.

Tofauti utaiona Ziwa Victoria. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996 watu walikuwa wanategea redio, na gazeti mpaka lifike kutoka Dar. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale kisiwa cha Ukara Septemba 2018, picha zilikuwa kwenye simu za watu siku ileile, nyingine hata hujui kapiga nani.

Sasa hela inatoka wapi? Hapa ndo penyewe. YouTube haikulipi kwa sababu umesema kweli, inakupa fungu la matangazo, na kuingia kwenye huo mgao unatakiwa, kwa njia ya video ndefu, uwe na sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Tena mtazamaji wa Buzuruga hapa Mwanza analeta hela ndogo kuliko wa Marekani, maana wenye matangazo wanamgombania yule wa kule. Kwa hiyo kijana wetu anatafuta namba kubwa, ndo unakuta kichwa cha habari MAZITO YAIBUKA, ukifungua ni mama analalamika bomba halitoi maji. Simlaumu sana (japo hizo herufi kubwa zinachosha jamani).

Halafu kuna leseni. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu au onlaini TV aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, maombi laki moja, leseni milioni, na ada ya mwaka milioni nyingine. Mtu anayeandika usiku akishafunga duka lake la vocha anaitoa wapi hiyo? Ada zikaja kupunguzwa baadaye, ila kuna walioshafunga, na wengine hawakurudi kuandika.

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, akina dada wa dagaa wamezunguka simu moja wanaangalia video ya bei ya samaki, vichwa vinne, bando la mmoja. Namuuliza mwenye simu chaneli gani hiyo, ananijibu, "Sijui kaka, nimetumiwa WhatsApp." Kumbe mtu kaidaunlodi akaisambaza. Watazamaji wanne hapo, na kijana aliyeipiga hakuhesabiwa hata mmoja.