Utamaduni wa taifa katika usimamizi wa rasilimali watu

Utamaduni wa taifa ni mazoea na maadili ambayo watu wa nchi moja wamekua nayo: nani humwamkia nani, mkubwa hupingwa vipi, ndugu humdai ndugu yake nini. Mtu hayaachi getini anapoingia kazini. Ndiyo maana kuajiri, kupima utendaji, kutoa likizo na kuadhibu hutofautiana nchi hadi nchi, hata pale ambapo fomu zinazojazwa ni zilezile.

Aliyeipa dhana hii umaarufu ni mtafiti Mholanzi, Geert Hofstede. Alichambua hojaji zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973, akaona kuwa watu wa kampuni moja walijibu tofauti kulingana na nchi zao. Kigezo chake kimoja, umbali wa madaraka, hupima jinsi walio chini wanavyokubali kwamba madaraka hayakugawanywa sawa.

Kwa kigezo hicho, itazame OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji ulioingia katika utumishi wa umma Tanzania mwaka 2004 badala ya taarifa za siri. Mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja na kukubaliana malengo, kisha kila mmoja atoe alama, na wajadiliane zinapopishana. Sasa kijana aliyelelewa kutomkatalia mkubwa usoni ajipe alama ngapi mbele ya mkuu wa idara aliye rika la baba yake? Ni rahisi kwake kusubiri aone mkuu ameandika nini. Siwezi kuuita huo woga. Ni adabu aliyofunzwa nyumbani, na fomu haikuiachia nafasi.

Likizo nayo ina mambo yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Tanzania Bara, iliweka angalau siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hakutajwa, na huenda ndiye aliyemsomesha mfanyakazi. Afisa rasilimali watu anayeijua jamii yake hatamzuia kwenda kuzika. Atatafuta njia, hata kwa kukata siku za likizo ya mwaka.

Ila wastani wa nchi haumwelezi mtu mmoja. Hofstede mwenyewe aliziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia kwenye fungu moja la Afrika Mashariki. Akija mwombaji kazi kutoka Addis Ababa au Lusaka, aulizwe yeye mwenyewe anavyopenda kuongozwa.