Je, wajua kwa nini Marekani humlipa mafao ya ulemavu mtu aliyekwisha kurudi kazini?

Ukilisikia mara ya kwanza, jambo hili linachekesha. Mtu analipwa kwa sababu hawezi kufanya kazi. Anapata kazi, anapokea mshahara, na serikali inaendelea kumtumia fedha zilezile kwa miezi kadhaa, tena ikijua. Si kwamba karani amesahau kufunga faili. Ndivyo sheria inavyotaka.

Chanzo chake ni tafsiri ya neno "ulemavu" lenyewe. Katika bima ya ulemavu ya SSDI, iliyoanzishwa 1956 wakati wa Rais Eisenhower, hakuna ulemavu nusu wala robo. Ama huwezi kazi ya maana kwa sababu ya hali itakayodumu walau mwaka mmoja au kuishia kwenye kifo, ama hupati kitu. Na hiyo "kazi ya maana" ina kipimo cha fedha: kwa mwaka 2025 kilikuwa kipato kinachozidi dola 1,620 kwa mwezi, au 2,700 kwa asiyeona.

Sasa mfikirie aliyekwisha kuvuka mlango huo. Wengi hukataliwa ombi la kwanza, wakakata rufaa, wakangoja. Hata akikubaliwa, malipo huanza baada ya miezi mitano kamili tangu ulemavu uanze, na bima ya afya ya Medicare kwa kawaida husubiri miezi 24 ya kustahili mafao. Mtu huyo, baada ya misukosuko yote hiyo, mwambie ajaribu kazi kidogo uone atakavyokutazama. Kwake, kujaribu ni kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Akishindwa baada ya miezi minne, je, atarudi mwisho wa foleni?

Ndiyo maana ukawekwa muda wa majaribio wa miezi tisa. Si lazima ifuatane. Huhesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60, na kwa 2025 mwezi ulihesabiwa mapato yalipozidi dola 1,160. Katika miezi hiyo mafao hayapunguzwi hata senti, mshahara uwe mdogo au mnono, mradi aripoti kazi yake na awe bado na ulemavu. Kuripoti si jambo la kupuuza. Asiyeripoti, au aliyeripoti lakini taarifa ikachelewa kushughulikiwa, huweza kudaiwa baadaye arudishe maelfu ya dola alizokwisha kuzitumia.

Majaribio yakiisha, hufuata miezi 36 ambayo mlango haufungwi kabisa. Mwezi akipata chini ya kile kikomo cha "kazi ya maana" (dola 1,620 kwa 2025), analipwa. Akikivuka, halipwi, isipokuwa mwezi ule wa kwanza wa kuvuka na miwili inayoufuata. Hahitaji kuomba upya. Lakini tazama hesabu yake. Tuseme mafao ni dola 1,400. Akipata mshahara wa dola 1,600, mkononi ana 3,000. Akiongezewa dola mia tu, anavuka kikomo, mafao yanakatwa, na anabaki na 1,700. Nani mwenye akili timamu ataipokea nyongeza hiyo?

Serikali yenyewe iliuona mtego huo. Kuanzia 2011 ilifanya jaribio kubwa lililoitwa BOND: badala ya kukata mafao yote, ilikata dola moja kwa kila dola mbili zilizozidi kikomo. Ungetarajia watu wamiminike kazini. Haikuwa hivyo, kwa wastani, mapato ya kazi hayakupanda kwa kiasi cha kuonekana. Kwa maoni yangu, hilo linaonyesha kwamba tatizo si hesabu peke yake. Wengine kweli ni wagonjwa mno, na wengine hawaziamini kanuni wasizozielewa.

Sheria ya 1999 iliyotiwa saini na Rais Clinton ililenga hasa hofu hiyo ya kujaribu kazi na kupoteza mafao. Ilileta Tiketi ya Kazi, inayompa mpokeaji huduma za bure za kutafuta kazi, na anapoitumia na kusonga mbele, hasumbuliwi na uchunguzi wa kawaida wa afya yake. Ilirefusha Medicare hadi walau miezi 93 baada ya majaribio. Na mafao yakikatwa kwa sababu ya kazi, kisha mwili ukagoma, ana miaka mitano ya kuomba arudishiwe bila kuanza upya, huku akiweza kulipwa kwa muda hadi miezi sita wakati uamuzi unasubiriwa.

SSI, mpango wa watu wenye kipato kidogo ulioanza kulipa 1974, una hesabu laini zaidi. Husahau dola 20 za kwanza za mapato, kisha 65 za mshahara, halafu nusu ya kinachobaki. Anayepata dola 885 hukatwa 400 tu. Kwa kiwango cha shirikisho cha 2025, yaani dola 967, bado alilipwa 567. Pigo liko kwenye akiba: asiyeoa hatakiwi kuwa na mali ya zaidi ya dola 2,000, kikomo ambacho hakijasogezwa tangu 1989, ingawa nyumba anamoishi na gari moja havihesabiwi. Njia ya kupenyea ni akaunti ya akiba ya ABLE, iliyoruhusiwa kwa sheria ya 2014, ambayo dola 100,000 za kwanza ndani yake SSI haizitazami. Ilikuwa ya waliopata ulemavu kabla ya miaka 26. Kuanzia Januari 2026, umri huo ni 46.