Jaza pengo kwa Kiswahili kwanza: maandalizi ya GRE Verbal kwa aliyeko Dodoma

Anayejiandaa na GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, hasa Marekani, hapa Dodoma mara nyingi huanza na desa moja: PDF ya maneno 1,000 iliyopita mikono mingi kwenye WhatsApp. Analikremu wiki sita, kisha anafanya jaribio na kukuta amekosa maswali ambayo kila neno lake alilijua. Verbal, sehemu ya lugha ya mtihani huo, haipimi sana wingi wa msamiati. Inapima kama unaona sentensi inaelekea wapi kabla hujaonyeshwa mwisho wake. Kazi hiyo mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anaiweza vizuri. Kinachomkwamisha ni kujilazimisha kuifanya kwa Kiingereza kuanzia hatua ya kwanza.

Kabla ya chochote, soma ukurasa wa programu unayoiomba. Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai GRE katika miaka ya karibuni, na si busara kupiga msuli miezi mitatu kwa mtihani ambao hakuna atakayekuuliza.

Kama programu yako inaudai, hesabu za mtihani ni hizi. Tangu tarehe 22 Septemba 2023 mtihani wote unachukua saa 1 na dakika 58. Verbal ina vipande viwili: cha kwanza maswali 12 kwa dakika 18, cha pili maswali 15 kwa dakika 23. Alama zake ni kati ya 130 na 170. Ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Kitabu kinachosema maswali 20 kwa dakika 30 ni cha mfumo uliopita: maswali yake bado yanafaa, saa yake haifai. Kile chenye vinyume vya maneno na mafumbo ya "hiki kwa kile" ni cha kabla ya Agosti 2011. Hicho kirudishe kilikotoka.

Maswali ni ya aina tatu. Kuna kujaza mapengo, pengo moja hadi matatu. Kuna sentensi yenye pengo moja na machaguo sita, ambapo unachagua mawili yanayoipa sentensi maana ile ile. Na kuna ufahamu, ambao peke yake ni kama nusu ya maswali yote.

Tuanze na mapengo. Ziba machaguo kwa kiganja. Kweli, weka mkono kwenye skrini. Soma sentensi, kisha ujiambie kwa Kiswahili neno gani lingekaa pale. Si lazima liwe zuri. "Baya", "bila haraka" au "alijikomba" linatosha. Ndipo ufunue na kutafuta linalofanana nalo. Anayeanza na machaguo hujaribu kila moja kwenye pengo, na kwa kuwa yametungwa yakae vizuri kisarufi, matatu kati ya matano yatamsikikia sawa.

Chukua sentensi hii:

The audit report was not so much _____ as _____: every figure in it was correct, yet the figures that mattered had been left out.

Pengo la kwanza lina inaccurate, lengthy, candid. La pili lina exhaustive, selective, fictitious.

Usianze na pengo la kwanza kwa sababu tu liko mbele. Anza na lile lenye ushahidi karibu. Nukta pacha inakuambia kwamba kinachofuata ni maelezo ya kilichotangulia, na kilichofuata ni kwamba takwimu zenye uzito zimeachwa. Kwa Kiswahili: ripoti imechagua cha kusema. Hiyo ni selective. Sasa la kwanza. Wengi wanaona correct na kulikimbia inaccurate papo hapo, wakaangukia candid. Lakini not so much X as Y maana yake ni "si X hasa, bali Y". X ni kile ambacho mtu angeidhania ripoti nacho, na sentensi inakikataa. Takwimu zote ni sahihi, kwa hiyo kinachokataliwa ni kosa la usahihi: inaccurate. Neno ulilolikimbia ndilo jibu. Kumbuka pia kwamba hakuna alama ya nusu: ukipata pengo moja kati ya mawili, hesabu ni sifuri.

Kosa la aina hiyo halitibiwi na maneno 1,000. Linatibiwa na kuvijua vipande vidogo vinavyogeuza sentensi, na havizidi thelathini. Ningekuwa na wiki moja tu na mwanafunzi, wiki yote ningeimaliza hapa.

Let alone na much less ni "sembuse" yetu, kwa mpangilio ule ule: jepesi kwanza, zito baadaye. "Hakuweza kuufupisha mswada, sembuse kuukosoa." Pengo likija baada ya let alone, tafuta kitendo kigumu kuliko cha kwanza. All but ni "karibu kabisa": a fund all but exhausted ni mfuko uliobakiza senti chache. Anything but ni kinyume kabisa, "si hivyo hata kidogo". Vipande hivi viwili vinafanana kwa macho na vinakwenda njia tofauti, ndiyo maana watunzi wanavipenda. Halafu kuna if ya katikati ya sifa mbili. A useful, if _____, guide si "kama", ni "japo". Kitabu kina manufaa, japo kinachosha. Pengo linataka kasoro, na aliyesoma if kwa maana ya shuleni ataweka sifa nyingine nzuri. For baada ya mkato mara nyingi ni "kwa maana". Belie ni kitendo kinachobeba upinzani ndani yake: utulivu wake ulificha hofu aliyokuwa nayo. Tengeneza orodha yako, kila kipande na Kiswahili chake, na uisome kila asubuhi kwa wiki mbili.

Uone nguvu yake katika aina ya pili ya maswali. Machaguo ni prudent, circumspect, reckless, foolhardy, generous, solvent:

Although the region's grape growers had long been thought cautious, the new cooperative was notably _____ in its borrowing.

Wakulima walijulikana kwa tahadhari, lakini ushirika mpya ukakopa bila kufikiri: reckless na foolhardy. Sasa ondoa notably, weka anything but. Machaguo ni yale yale, sentensi inasema jambo lile lile, na jibu limehamia prudent na circumspect. Anayetafuta tu visawe viwili vinavyolingana atakuta jozi mbili kamili na hatajua achague ipi. Kwa hiyo jozi ni ya kuthibitisha jibu. Kulipata ni kazi ya sentensi. Na neno linalokaa vizuri lakini halina mwenzake, liache, hata likikuvutia namna gani.

Sasa msamiati, maana siwezi kusema haupo. Maneno 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 10: hayo ni 600, na yanatosha. Tumia AnkiDroid, programu ya kadi za kukariri, ni bure kwenye simu za Android, au kadi za manila ulizokata mwenyewe. Mbele weka neno likiwa ndani ya sentensi fupi ya Kiingereza. Nyuma weka Kiswahili na alama ya kujumlisha au kutoa, kuonyesha kama neno lina sifa njema au mbaya. Tafsiri ya kamusi mara nyingi ni ndefu na baridi. Tafuta neno ambalo mtu wa Majengo sokoni angelitumia. Sycophant ni chawa. Ukishasema hivyo hutalisahau, na obsequious na fawning utaziweka kwenye kapu hilo hilo: kujikomba. Parsimonious ni bahili, truculent ni mshari, querulous ni mnung'unikaji, capricious ni kigeugeu. Yapange kwa makapu kama hayo, si kwa alfabeti. Orodha ya alfabeti inakufanya uchanganye maneno yanayofanana kwa herufi, na hicho ndicho mtunzi anachokusubiria: enervate haina uhusiano na kutia nguvu, ni kudhoofisha, noisome ni -enye kunuka vibaya, wala si kelele, restive ni asiyetulia, ingawa rest imekaa mwanzoni.

Hatari zaidi ni neno unaloamini unalijua. Qualify kwenye GRE mara nyingi ni kupunguza ukali wa kauli kwa kuiwekea mipaka. Check ni kuzuia. Flag ni kufifia. Want ni upungufu. Appropriate ikiwa kitenzi ni kujitwalia. Pedestrian ni -a kawaida, isiyosisimua. Sanction inaweza kuwa kuruhusu au kuadhibu, na sentensi ndiyo inayoamua. Na kwa sisi tunaoishi jirani na Bunge kuna moja ya kuchekesha: table. Huku, kama Uingereza, hati ikiwekwa mezani ndiyo kwanza imewasilishwa. Kwa Mmarekani, to table ni kuahirisha mjadala. Mtihani ni wa Mmarekani.

Ufahamu unataka tabia nyingine. Tulizoea shuleni kusoma kifungu mara mbili, kupigia mstari, kisha kunakili jibu. Hapa soma mara moja ukiuliza swali moja: nani anasema? Kwenye karatasi weka herufi tatu tu. W kwa maoni ya wengine, M kwa mwandishi, U kwa ushahidi. Mara nyingi kifungu hufungua na W, na M hujitokeza kwenye however au yet. Ukishajua mpaka wa W na M ulipo, tayari umeepuka mtego mkubwa wa machaguo: maoni ya wengine yakipachikwa kwa mwandishi.

Mitego mingine: nusu ya kwanza ni sahihi na nusu ya pili imeharibika, jambo ni kweli duniani lakini halimo kwenye kifungu, au only, never, all imeingizwa mahali ambapo mwandishi alisema "mara nyingi". Swali likitumia inferred, usikisie. Linataka jambo ambalo lazima liwe kweli kutokana na yaliyoandikwa. Ukijikuta unasema "huenda", siyo hilo. Kwenye maswali ya machaguo matatu ambapo jibu linaweza kuwa moja, mawili au yote, usiyalinganishe yenyewe kwa yenyewe. Kila moja ni swali lake la kweli au si kweli.

Vifungu vifupi vya hoja unaweza kuvifanyia mazoezi kwa Kiswahili kabisa. Mfano: kijiji kilifunga umwagiliaji wa matone, mavuno ya zabibu yakapanda, kwa hiyo matone ndiyo yaliyopandisha mavuno. Nini kinaidhoofisha hoja hiyo? Kwamba mfumo ni ghali, kwamba vijiji jirani visivyo na mfumo huo navyo vilipata ongezeko lile lile, au kwamba wakulima wameridhika? Wengi hukamata la gharama, kwa sababu ndilo pingamizi ambalo wangelitoa kikaoni. Lakini hoja haikusema mfumo ni nafuu. Ilisema ndio chanzo. Cha kugusa ni chanzo, na ni la pili tu linalokigusa. Soma maoni ya gazeti lolote la asubuhi kwa jicho hilo: dai ni lipi, ushahidi ni upi, kati yake pameachwa nini. Kisha rudi kwenye Kiingereza na makala ndefu za hoja. Tovuti ya The Conversation ni bure na huchapisha mengi ya Afrika.

Kuhusu saa: dakika 18 kwa maswali 12 ni dakika moja na nusu kila swali, lakini usizigawe sawasawa. Kama sita ni ya mapengo na visawe, yamalize kwa dakika moja moja. Utabaki na dakika 12 kwa sita ya ufahamu, yaani mbili kila moja. Swali likifika sekunde 90 bila dalili, chagua chochote, liwekee alama, songa. Unaweza kulirudia ndani ya kipande hicho, ila kipande kikishafungwa huwezi kurudi tena.

Wiki ya kwanza fanya moja ya majaribio mawili ya bure ya POWERPREP kutoka ETS, wenye mtihani wenyewe, na la pili lifungie hadi wiki ya tisa. Katikati, maswali 10 kwa siku yanatosha, mradi uyarudie kwa muda mrefu kuliko uliotumia kuyajibu. Daftari la makosa liwe na safu nne: swali, nilichochagua, kilichonivutia, neno lililopaswa kunizuia. Safu ya tatu ndiyo wanayoiruka watu. Baada ya wiki nne ukiisoma peke yake utakuta makosa yako ni ya aina mbili au tatu tu.

Ukiamua kufanyia mtihani nyumbani, jina ulilojisajili nalo lifanane na la pasipoti. Sisi wa majina matatu hapo huwa tunajichanganya. Inatakiwa kompyuta, si simu wala tableti. Uwe peke yako chumbani na mlango umefungwa, jambo gumu kwenye nyumba ya kupanga yenye watoto, kwa hiyo ongea na majirani mapema. Visikizi vya masikioni haviruhusiwi. Betri iwe imejaa na ruta iwe kwenye chanzo cha umeme kisichozimika na wa gridi. Karatasi ya kawaida pia hairuhusiwi: unatumia ubao mweupe mdogo na kalamu ya kufutika, au karatasi moja ndani ya plastiki angavu. Kalamu hizo huandika herufi nene, W, M na U zako zitajaza ubao haraka, kwa hiyo anza kuzitumia kuanzia wiki ya saba. Weka kitambaa karibu, maana mwishoni utamwonyesha msimamizi kwenye kamera kwamba umefuta kila kitu.