Elimu kwa umma: waya wa spika wa bei mbaya, wati za kwenye kasha, na kile ambacho sikio linaweza kuthibitisha

Malalamiko kuhusu vifaa vya muziki yameongezeka, na mengi yana sura mbili. Kuna mtu aliyenunua sabufa Kariakoo iliyoandikwa wati 10,000, akaifikisha Mbagala, na sebule yenyewe ikaishinda. Kuna mwingine aliyeuziwa waya wa spika, plagi ya dhahabu au kifaa cha "kusafisha umeme" kwa laki kadhaa, akaambiwa sauti itafunguka, na sasa hajui kama imefunguka kweli au amejishawishi. Lalamiko la kwanza lina jibu la haraka. La pili linahitaji maelezo, kwa sababu hapo hata muuzaji mara nyingi anaamini anachokisema.

Kwanza tuweke mpaka. "Sauti tamu" na "besi imekaa" ni maoni, na hakuna mamlaka itakayomwita mtu kwa kuzisifia spika zake. "Shaba tupu", "milimita 2.5 za mraba" na "wati 500" ni madai ya kipimo, yana ukweli wake au hayana. Katikati yake kuna dai kwamba sikio lako litasikia tofauti. Wengi hutujibu kwamba hilo halipimiki kwa kuwa kila mtu ana masikio yake. Linapimika, na njia yake ni ya siku nyingi: mwaka 1950 W. A. Munson na Mark Gardner wa Bell Telephone Laboratories walikwisha eleza jaribio ambalo msikilizaji anapewa sauti A, sauti B, kisha sauti X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili, naye aseme X ni ipi. Haulizwi ipi nzuri. Anaulizwa tu kama anaitambua bila kuambiwa.

Majibu ya majaribio ya aina hiyo yanajulikana. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Boston walitoa matokeo ya kulinganisha diski za ubora wa juu na sauti ileile iliyopitishwa kwenye kiwango cha sidii ya kawaida, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Majibu yalikuwa 554. Sahihi yalikuwa 276, karibu nusu kwa nusu kama kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 na kupata wastani wa asilimia 52.3 za majibu sahihi, ukipanda kwa wasikilizaji waliofundishwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba hakuna mtu duniani anayesikia chochote. Tunasema kwamba tofauti iliyopatikana ni ndogo mno, na haifanani hata kidogo na maneno ya dukani kwamba "utadhani umeondoa pazia".

Jaribio jingine linafaa kujulikana zaidi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni inayotengeneza spika, mara wakiziona spika, mara zikiwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama zilifuata ukubwa, sura na bei. Pazia liliposhushwa, mfumo mdogo wa bei nafuu ambao macho yaliudharau ulipanda. Hao walikuwa watu wa fani, si wapita njia. Kwa hiyo anayesema "mimi sidanganyiki, nina masikio ya fundi" hajajibu hoja, kwa sababu jicho linampa sikio taarifa kabla muziki haujaanza.

Sasa waya, maana ndiko fedha nyingi inakopotelea. Waya wa spika una sifa moja inayotawala nyingine zote kwa urefu wa nyumbani, nayo ni ukinzani, yaani kiasi waya unavyozuia umeme kupita, na hupimwa kwa omu. Shaba ya unene wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.0172 kwa mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Kwa waya wa 2.5 unapata omu 0.07. Kwa spika ya omu 8 upotevu ni chini ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambao hakuna sikio litakaloulalamikia. Kwa waya mwembamba wa 0.5 unapata omu 0.34, upotevu kama desibeli 0.37, na hapo tofauti inaanza kuwa ya kweli. Kanuni tunayotumia ni kwamba ukinzani wa waya wote usizidi asilimia 5 ya omu za spika: 0.4 kwa spika ya omu 8, na 0.2 kwa ya omu 4. Ukumbini, mita 30 za waya wa 2.5 kwenda kwenye spika za omu 4 zinakupa omu 0.41, mara mbili ya kikomo. Hapo nunua waya mnene, na unene unatosha. Fedha, dhahabu na ganda la kusukwa havimo kwenye hesabu hii.

Kilichomo, na ndicho kinachotusumbua, ni aluminiamu iliyopakwa shaba na kuuzwa kama shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu wa shaba. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ndani kukiwa kweupe, umeuziwa aluminiamu. Kwa roli nzima tumia mizani. Waya wa nyuzi mbili za 2.5, mita 100, una shaba ya takriban kilo 4.5 kabla hujahesabu ganda. Roli yote ikiwa na kilo 3, hakuna haja ya mjadala. Hesabu pia nyuzi. Nyuzi 50 za kipenyo cha milimita 0.25 zinatoa karibu 2.5 za mraba. Ukikuta 25 za kipenyo hichohicho, namba iliyochapwa kwenye ganda ni pambo.

Mtu atasema: "Lakini nilipobadilisha waya sauti ilibadilika, nimesikia." Inawezekana kabisa ilibadilika. Jiji la Dar es Salaam lina chumvi hewani, na shaba iliyo wazi kwenye terminali ya spika hushika ukijani ndani ya miezi. Mguso unakuwa mbovu, spika inakatakata au inapungua. Ukifungua waya wa zamani na kufunga mpya umesafisha mguso, na sifa zinakwenda kwa waya mpya. Kabla ya kununua chochote, zima amplifaya, kata sentimita 2 za ncha, menya upya, sokota, kaza skrubu. Hali kadhalika mvumo wa hezi 50 au 100 unaosikika muziki ukiwa umesimama: mara nyingi vifaa viwili vimepata njia mbili za kwenda ardhini. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja kisha usikilize tena. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Hili tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyopenda. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usiuawe na kasha la chuma lenye hitilafu.

Kuhusu "kusafisha umeme": volti ikishuka kutoka 230 hadi 180, amplifaya yenye transfoma ya kawaida hupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu yake ya juu kabisa. Hilo ni la kweli na linapimika, na stabilaiza ya saizi sahihi inasaidia, pia inalinda kifaa. Waya wa plagi wa mita moja na nusu, baada ya umeme kupita kilomita za nyaya za mtaani, hausafishi kitu.

Na amplifaya? Zile za transista zenye afya, zikisawazishwa sauti na bila kulazimishwa kupita uwezo, ni vigumu mno kuzitofautisha kwa kificho. Za valvu ni habari nyingine: nyingi zina ukinzani mkubwa upande wa kutolea sauti, kama omu 1 au 2, na kwa kuwa omu za spika hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti, mlio unabadilika kwa zaidi ya desibeli 1 mahali fulani. Anayesema anaisikia tofauti hiyo anasema kweli. Kuipenda au kutoipenda ni hiari yake.

Chumba kinashinda vyote hivi. Ukuta wa saruji, sakafu ya vigae na dari ngumu vinarudisha sauti karibu yote. Kwenye chumba cha mita 4 kwa 3, besi za karibu hezi 44 na 58 hujilimbikiza ukutani na kupungua katikati, na tofauti ya viti viwili inaweza kupita desibeli 10. Sogeza spika sentimita 50 kutoka kwenye kona, weka zulia, tundika pazia zito, sogeza kochi mbali na ukuta wa nyuma. Haya hayauzwi kwenye kasha lenye dhahabu, ndiyo maana hayatangazwi.

Anayetaka kujipima kabla ya kulipa afanye hivi. Sawazisha sauti kwanza, maana hapa ndipo majaribio mengi ya dukani yanapoharibika: kifaa kilichozidi kwa nusu desibeli hakisikiki kama kimezidi, husikika kama "kisafi zaidi". Piga mlio wa hezi 400, weka mita ya fundi kwenye terminali za spika upande wa volti za AC, na rekebisha mpaka A na B zipishane kwa si zaidi ya asilimia 1. Moja ikisoma volti 2.00, nyingine iwe kati ya 1.98 na 2.02. Tumia swichi ya njia mbili, kwa sababu kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo ni ya sekunde chache. Mwenzako akae nyuma ya pazia, arushe shilingi kila raundi na kuandika ilivyoanguka, na aguse swichi hata pale asipobadilisha kitu, vinginevyo utajibu kwa mlio wa swichi. Msiongee. Kichwa kibaki mahali pamoja, kwani ukisogea sentimita 10 sauti kali zinabadilika kuliko waya wowote utakavyozibadilisha.

Fanya raundi 16. Ukipata 12 au zaidi, bahati peke yake ingekupa hivyo chini ya mara 4 katika 100. Lakini mkijaribu watu kumi, uwezekano wa angalau mmoja wenu kufikisha 12 kwa bahati tu ni karibu theluthi moja, kwa hiyo huyo mshindi arudie. Raundi 5 hazitoshi. Zile mbili za dukani, muuzaji akiwa amesimama pembeni na kutikisa kichwa, hazihesabiwi.

Kuna wanaodai jaribio hili linamtia mtu wasiwasi mpaka sikio linakuwa zito. Basi liongezeni muda: kaeni na vifaa wiki nzima, vikiwa vimefunikwa. Jaribio hilohilo linanasa bila shida tofauti ya desibeli 1, na linanasa nyimbo za MP3 za kilobiti 128. Likinasa hayo kisha lisinase waya, tatizo si jaribio. Tukiwa hapo: wanaouza nyimbo za flashi kwa jina la "ubora wa juu" mara nyingi wamechukua MP3 na kuibadilisha jina la faili. MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa karibu kilohezi 16, na kilichokatwa hakirudi. Fungua wimbo kwenye programu ya Audacity, angalia mchoro wa masafa. Ukiona umesimama wima kama ukuta hapo 16, umepata jibu.

Lalamiko la wati ni jepesi. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inatoa wati 2,990, basi. Sabufa ya "PMPO 10,000" (PMPO ni namba ya tangazo, eti nguvu ya juu kabisa ya papo hapo) inayochomekwa hapo haiwezi kutoa hizo kwa mfululizo. Soma kibandiko cha nyuma, palipoandikwa inachokula: mara nyingi ni wati 40 au 60. Namba hiyo ni ya matumizi ya kawaida, si kikomo kamili, lakini iko karibu na ukweli kuliko ya mbele. Dai wati za RMS, yaani zile inazotoa kwa mfululizo, na kwa omu ngapi. Na jueni kwamba kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu.

Kisheria, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, kifungu cha 15, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na kifungu cha 16 kinagusa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu bidhaa. Inasimamiwa na Tume ya Ushindani, na faini yake huhesabiwa kwa asilimia ya mapato ya mwaka ya mfanyabiashara. Inaweza kufika asilimia 10. Bidhaa yenye nembo ya kughushi inaangukia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ya viwango yanakwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS) chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Usipeleke lalamiko moja kote kwa wakati mmoja ukidhani litakwenda haraka.

Andika dai kama lilivyotolewa, neno kwa neno, na lilitolewa wapi: kwenye kasha, kwenye tangazo, au kwa mdomo. "Aliniambia itapiga vizuri" halitafika mbali. "Kasha limeandikwa shaba tupu 2.5, ndani ni aluminiamu" linafanyiwa kazi. Ambatanisha risiti ya EFD inayotaja bidhaa yenyewe, maana risiti iliyoandikwa "vifaa" tu haionyeshi ulinunua nini. Picha ya kasha pande zote. Na picha ya kibandiko cha nyuma, namba zake zikisomeka. Kwa waya, hifadhi angalau mita 1 ambayo haijamenywa, yenye maandishi ya kiwandani kwenye ganda. Kipande kilichokwisha menywa ncha zote mbili, bila maandishi, muuzaji ataweza kusema si chake.