Kwaresima bila nyama: kizunguzungu si sehemu ya mfungo

Kila mwaka hapa Moshi, Jumatano ya Majivu ikishapita wiki mbili hivi, wanaanza kuingia wagonjwa wenye maelezo yanayofanana: "Nimeacha nyama, maziwa na mayai. Kichwa kinazunguka, lakini nilijua ni mfungo tu." Haya ndiyo maswali yao.

Nitapungukiwa na nini kwa kuacha vyakula vya wanyama hadi Pasaka?

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, siku 40 si tatizo, mradi ale. Na hapo ndipo penye kazi. Mtu anatoa nyama kwenye sahani, haweki kitu mahali pake. Asubuhi chai ya rangi na maandazi (ambayo mara nyingi yamekandwa kwa maziwa, lakini tuyaache hayo), mchana chipsi kavu, usiku wali na kabichi. Huyo amefunga protini na madini ya chuma, wala si nyama peke yake. Na sisi huku tuna kiburu cha ndizi na maharage, tuna makande, mboga ya mnafu, parachichi, karanga. Ukienda soko la Mbuyuni choroko, dengu na kunde zimejaa magunia. Kila mlo uwe na jamii ya kunde. Kila mlo.

Maharage yananijaza gesi.

Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, yapike kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Anza na kidogo. Tumbo huzoea, na maji ya kunywa yasipungue, la sivyo choo kitakuwa kigumu.

Kwa hiyo na kizunguzungu mwili utakizoea?

Hapana. Gesi huzoeleka, kizunguzungu kinatafutiwa sababu. Huenda huli vya kutosha au hunywi maji, huenda presha imeshuka, huenda sukari imeshuka, huenda damu imepungua. Ukiwa nyumbani huwezi kujua ni kipi. Vipimo vya kuanzia, yaani presha, sukari na wingi wa damu, havichukui muda mrefu. Usiniambie utasubiri Pasaka.

Nakula mboga za majani kila siku, mbona nimeambiwa damu ni kidogo?

Mara nyingi jibu liko kando ya sahani: kikombe cha chai ya rangi. Maharage na mnafu vinashushiwa chai, na chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mimea. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Subiri saa moja hivi baada ya kula. Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa pamoja na chakula, chuma kitafyonzwa zaidi.

Mimi ni mjamzito, je?

Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, havina uhusiano wowote na mfungo. Mjamzito ambaye kipimo cha wingi wa damu kinasoma chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu. Moyo ukienda mbio, ukihema kwa kutembea kidogo, viganja vikiwa vyeupe, njoo siku hiyohiyo. Mama, "ni mfungo tu" si jibu.

Nina kisukari. Siku ya kufunga niache dawa?

Usiache, na usizimeze kwa mazoea huku huli. Njoo kabla mfungo haujaanza tupange upya. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi akiruka mlo, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali, kuongea asichokielewa: hiyo siyo toba, ni sukari imeshuka. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, rudia, kisha ale, na afike hospitali dawa zake ziangaliwe. Akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta usafiri, mwahi hospitali. Kumwombea mnaweza hata ndani ya gari.

Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa hafungwi nayo. Padri wako atakuambia hivyohivyo, muulize.

Vitamini B12 je? Nasikia haipo kwenye mimea.

Ni kweli haipo, lakini ini lina akiba ya muda mrefu, na siku 40 haziimalizi kwa mtu aliyekuwa anakula vizuri. Ila kama umetumia metformini, dawa ya kisukari inayoweza kupunguza B12, kwa miaka na miguu inachoma au inakufa ganzi, sema ukifika kwa daktari. Usipitie duka la dawa kuomba sindano ya nguvu.