Si misuli tu

Mashabiki wengi wa ngumi husema: "Dawa hazimfundishi mtu kurusha konde." Kweli, hazimfundishi. Lakini jina tulilozoea, dawa za kusisimua misuli, linatupotosha. Tukimshuku bondia, tunatafuta mwili uliotuna. EPO, mojawapo ya dawa hizo, haitunishi kifua. Huongeza chembe nyekundu za damu, oksijeni ikafika misulini kwa wingi, na bondia akaingia raundi ya 10 na pumzi ambayo mwenzake hana tena. Kwenye riadha anayedhulumiwa hupoteza medali. Ulingoni hupokea makonde kichwani, na hilo ndilo linaloniuma. Bondia Shane Mosley alikiri kwa kiapo nchini Marekani kwamba alitumia EPO kabla ya kumshinda Oscar De La Hoya mwaka 2003, ingawa alidai hakujua ni haramu. Matokeo hayakufutwa.