Bahari kwenye sebule ya Mwanza: dhana potofu na ukweli wake

Nyegezi ninapoishi, ukifungua mlango unaliona ziwa. Ndani, kwenye kona ya sebule, kuna tangi la kioo lenye lita 60 za maji ya chumvi, matumbawe laini ya zambarau, konokono wanne na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa kwa barabara. Watu hunijia kuuliza, wengine wakiwa wameshamlipa fundi vioo, na karibu wote huja na mawazo yale yale. Nayaandika kwa sababu kila moja limeshaua viumbe, na baadhi ya waliokufa walikuwa wangu.

"Chukua maji ya ziwa, tia chumvi"

Mtoto wa dada yangu alinijia siku moja na ndoo ya maji aliyoyachota ufukweni na paketi mbili za chumvi ya jikoni. "Mjomba, si tunakoroga tu?" Nilimketisha, kwa sababu swali lake ni la haki. Maji ya bahari ni ya chumvi, kila aliyeogelea Coco Beach anajua.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi. Katika hizo, kama asilimia 85 ni ile ile tunayotia kwenye ugali wa dagaa, yaani sodiamu na klorini zilizoungana. Uhai wa matumbawe umo kwenye hiyo asilimia 15 iliyobaki: magnesiamu kama gramu 1.3 kwa lita, kalsiamu kama gramu 0.4, potasiamu, salfeti, bikaboneti na vingine vingi kwa kiasi kidogo sana. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti. Ndiyo maana pwani watu walichoma matumbawe kwenye tanuri wakapata chokaa. Ukiliwekea tumbawe maji yenye chumvi ya jikoni peke yake, ni kama kumwambia fundi ajenge ukuta kwa mchanga bila saruji.

Kuna wanaodhani chumvi ya mawe kutoka Bagamoyo au Lindi inatosha kwa kuwa imetoka baharini. Haitoshi, na sababu yake iko kwenye shamba la chumvi lenyewe. Maji yanapokauka juani, kalsiamu hutangulia kuganda na kubaki kwenye mabwawa ya mwanzo. Chumvi hufuata. Maji machungu yanayosalia mwishoni, yenye magnesiamu na potasiamu, humwagwa. Kinachoingia kwenye gunia ni chumvi safi ya kula, lakini sehemu kubwa ya ile bahari nyingine imeachwa shambani. Kinachotakiwa ni chumvi iliyotengenezwa maalum kwa matangi ya matumbawe, ambayo madini yote yamepimwa humo. Ndoo ya lita 20 inakula gramu 700 na kitu. Unakoroga kwa pampu ndogo usiku kucha, asubuhi unapima.

Na maji ya ziwa? Hayo yana virutubisho vinavyotoka mashambani na kwenye maji taka, nitrati na fosfati, vile vile vinavyolisha magugu maji na kuufanya ufukwe uwe wa kijani msimu fulani. Ndani ya tangi lenye taa kali utavuna mwani tu. Maji ya bomba yana klorini, nayo ukiyaacha wazi siku nzima klorini huruka, ila fosfati haiendi popote. Mimi natumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, aina ile wanayotumia wauza maji ya kunywa, lakini nayachukua kabla hawajarudishia madini. Kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kikisoma sifuri au karibu na sifuri, hapo nimeridhika.

Wapo pia wanaoagiza madumu ya maji ya bahari kwa basi kutoka Dar es Salaam. Yakichotwa mbali na mji, yanafaa. Yakichotwa karibu na mdomo wa mto unaopita mjini, umelipia nauli ya uchafu.

"Tangi dogo ni rahisi kwa anayeanza"

Ni rahisi kulinunua. Kulitunza ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndipo nilipoumia.

Bahari ni kubwa mno kubadilika kwa siku moja. Viumbe wa kwenye miamba wamezoea hivyo, leo kama jana, usiku kama mchana. Tangi la lita 60 hubadilika kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Maji huruka kama mvuke, chumvi hairuki. Likikosa lita moja kila siku kwa wiki nzima bila kujazwa, ile gramu 35 kwa lita inakaribia 40, na hapo hujagusa kitu.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye ukavu wa Agosti, nilikuwa nimewasha feni juu ya tangi na maji yakashuka kama lita moja kwa siku. Kila asubuhi nilijaza. Nilijaza kwa maji ya chumvi niliyoyakoroga mwenyewe kwa uangalifu, nikiamini narudisha kilichopotea. Kilichopotea kilikuwa maji matupu. Kwa siku kumi na nne niliongeza karibu nusu kilo ya chumvi juu ya ile iliyokuwemo. Matumbawe yalijifunga kama ngumi. Konokono wakaanguka kutoka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, wakalala chali mchangani. Nilipoazima rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, na kudondoshea tone la maji kwenye kioo chake, nikaielekeza dirishani, ule mstari unaogawa buluu na nyeupe ulikuwa umesimama kwenye 43.

Tangu siku hiyo nina alama ya wino nyuma ya kioo. Maji yakishuka chini ya alama najaza maji matamu, yale ya RO, asubuhi na jioni, kikombe kwa kikombe. Maji ya chumvi yanaingia pale tu ninapokuwa nimetoa maji ya chumvi, kama lita sita kila wiki. Na rifraktomita ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya samaki na kabla ya taa.

Mwenye nafasi na uwezo aanze na lita 150 au 200. Makosa yake yatakwenda polepole, atapata muda wa kuyaona. Ila apime meza kwanza: lita moja ni kilo moja na ushei, bado mawe, mchanga na kioo chenyewe.

"Mwanza kuna joto, hita ya nini"

Matumbawe mengi yanayofugwa hupenda nyuzi 24 hadi 27. Mwanza mchana hufika 28 na kupita. Usiku hushuka chini ya 20, na Julai hushuka zaidi, kwa kuwa tuko juu: uso wa ziwa uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Tangi dogo kwenye nyumba ya madirisha ya nondo hufuata hewa ya nje. Kwa hiyo unahitaji hita kwa ajili ya usiku na feni kwa ajili ya mchana. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu bila tabu, ila inaongeza mvuke, na habari ya mvuke nimeshaieleza.

Anayeona nyuzi mbili ni jambo dogo akumbuke mwaka 1998. Maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida wakati wa El Niño, na matumbawe mengi ya Mafia, Pemba na kwingineko pwani yetu yakapauka na kufa. Nyuzi moja au mbili juu ya kawaida, wiki kadhaa mfululizo, zinatosha. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Joto likizidi, tumbawe humfukuza mpangaji wake, likabaki jeupe na lenye njaa.

Huo urefu wa mita 1,134 una jambo la pili ambalo wachache hulifikiria. Mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko pwani kwa kama sehemu moja ya nane, hivyo na oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa kiwango hicho. Maji ya moto na ya chumvi hubeba oksijeni kidogo zaidi. Umeme ukikatika usiku na pampu zikasimama, kitakachowaua samaki wako kabla ya baridi ni kukosa pumzi. Weka pampu ya hewa ya betri karibu. Huna, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine tena humo kutoka juu, rudia kila baada ya dakika kumi. Nimewahi kufanya hivyo hadi alfajiri na wote walipona.

"Jaza leo, samaki kesho"

Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Baharini kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Unawalea kwanza: mawe yenye vitundu, mchanga, maji ya chumvi yanayozunguka, na kipande kidogo cha samaki mbichi kioze humo. Unapima kila siku mbili. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itapanda kisha ishuke, na zote mbili zikifika sifuri na kukaa sifuri, ndipo unaweza kumleta samaki wa kwanza. Wiki nne hadi sita ni kawaida. Maji kuwa meupe kama kioo hayathibitishi chochote, maana amonia haina rangi.

Hapa mawe ya kwetu yanasumbua kidogo. Mwanza ni mji wa mawe na mtu hushawishika kuokota. Granaiti haina sumu, lakini imeshikana mno, haina vyumba vya bakteria. Mwamba mkavu wa asili ya matumbawe una vitundu kila upande. Vipande vidogo vya granaiti viwe pambo tu.

"Matumbawe ni mawe mazuri"

Ni wanyama. Kila kitundu kina kiumbe chenye mdomo na minyiri inayokamata chakula usiku. Nawaomba wanaokwenda Tanga au Mafia wasivunje tawi na kulibeba kwenye mfuko wa plastiki. Litakufa kabla ya Morogoro, na ni kosa. Matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na ndani ya hifadhi kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995 hayaguswi. Yanayofaa kufugwa ni vipandikizi vilivyokuzwa kwenye matangi, kwa njia ile ile ya pingili za mihogo: unakata kipande, unakibandika kwenye jiwe, kinaota. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi za vilikotoka, mwache.

Na tafadhali, jiwe lenye matumbawe ya vifungo-vifungo kama vishikizo vya shati lisichemshwe wala kusuguliwa kavu. Baadhi ya jamii hiyo ina sumu kali, na mvuke wake umeshawapeleka watu hospitali. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi ndani ya maji, na watoto wakae mbali.

Mengine kwa ufupi. Wale samaki wa milia hawalazimiki kupewa anemoni, kile kiumbe cha minyiri cha kuishi nacho. Wanaishi vizuri bila hicho, na chenyewe kinahitaji tangi lililokomaa. (Wote huzaliwa madume, na aliye mkubwa kwenye kundi hugeuka jike. Wageni hawaniamini nikiwaambia.) Samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, ambaye kila mtoto anamtaka, hufika sentimita 30, hivyo hana nafasi kwenye lita 60. Silikoni ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, basi mwambie fundi atumie ya matangi. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondokee sakafuni.

"Ukichoka, wamwage ziwani"

Samaki wa bahari atakufa kwenye maji matamu, na kifo hicho si chepesi. Lakini hili nalisema hasa kwa wanaofuga samaki na mimea ya maji matamu, kwa sababu hao hawafi. Magugu maji yaliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini kama ua la mapambo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 yalikuwa yametanda kwenye ziwa letu. Sangara naye alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa hapa peke yake duniani, hazionekani tena.

Aliyechoka amtafutie samaki mwenyeji mwingine mwenye tangi. Mawe na mchanga viloweshwe maji matamu, kisha vianikwe juani wiki mbili kabla ya kutupwa. Maji ya chumvi yaende kwenye shimo la maji taka. Migombani hapana: mimi nilimwaga ndoo tatu kwenye shina moja nyuma ya nyumba, na majani yake yalikauka kuanzia pembeni kabla mwezi haujaisha.